Boti Kuukuu ya Alumini: Tuitengeneze au Tuiuze kwa Mzani?



Mara nyingi mnatuuliza juu ya kuku, visima na mikopo. Safari hii swali lilitoka kwa kikundi kimoja cha ufuoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay, nalo lilikuwa swali la boti. Nyuma ya zahanati ya zamani, chini ya mwembe, kulikuwa na boti ya alumini iliyolazwa kifudifudi. Ilikaa hapo miaka mingi hata watoto wakaifanya ngoma. Siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mzani wake, akataja bei. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hapo kila mtu humwita Japuonj, akasema isiuzwe, yeye na vijana wataitengeneza kila Jumamosi. Mama mweka hazina akauliza papo hapo, "Kwa pesa ya nani?"

Sisi tuliitwa kusuluhisha. Hatukuwa mafundi wa boti, na hata leo si mafundi. Lakini tulikaa na hiyo kazi miezi kumi na moja, tukauliza wanaojua, tukaona makosa yakifanyika na mengine tukayafanya wenyewe. Boti kama hiyo tumeziona pia Naivasha na Baringo, zimetupwa nyasini. Kwa hivyo tunawaandikia tuliyojifunza, ili kikundi kitakachofuata kisianze gizani.

KWA NINI HAIKUOZA

Mtu akiona boti imelala nje miaka ishirini anadhani imekwisha. Kama ingekuwa ya mbao au ya bati la chuma, ni kweli ingekwisha. Alumini ni kitu kingine. Fikiria sufuria yako ya nyumbani. Umeipika ugali miaka mingapi, na je, imeshika kutu? Haishiki, kwa sababu alumini ikiguswa na hewa hujifunika papo hapo kwa ngozi nyembamba sana na ngumu, nayo ngozi hiyo inazuia hewa na maji kuingia ndani zaidi. Ukiikwaruza, inajifunika tena. Halafu ni nyepesi: ujazo mmoja wa maji ukiwa kilo 1, alumini ya ujazo huo huo ni kilo 2.7, na chuma ni karibu kilo 7.8.

Hizi boti za bati jembamba zilienea sana baada ya Vita Vikuu vya Pili, hasa Marekani. Viwanda vilivyokuwa vikitengeneza ndege za vita vilibaki na mashine na mafundi wa kukunja alumini na kuigongea ribiti, na kazi ya vita imekwisha. Kiwanda cha ndege cha Grumman kilianza kuuza mitumbwi ya alumini 1945. Mwaka uliofuata kampuni ya Alumacraft ikaanza Minnesota, jimbo lenye maziwa kwa maelfu. Boti nyingi za miaka ya 1950 na 1960 bado ziko majini huko. Tena kuna watu, wastaafu wengi, ambao burudani yao ni kutafuta boti iliyotupwa, kuipeleka nyuma ya nyumba na kuitengeneza jioni na wikendi. Hawana haraka na hawatafuti faida. Japuonj alikuwa mtu wa namna hiyo, ila hakujua kwamba ana wenzake ng'ambo.

Sasa, jina "sufuria" lisiwadanganye. Alumini ya sufuria ni laini. Ile ya boti huchanganywa na madini mengine ili iwe ngumu. Aina moja inayotumika sana, ambayo mafundi huita 5052, ina magnesi kama asilimia 2.5. Kijana mmoja wa kikundi alileta sufuria kuukuu ya mama yake ili ikatwe viraka. Tulimshukuru, tukamrudishia.

VITU VINAVYOILA

Ile ngozi ya alumini ina maadui wake, na karibu wote wanaletwa na binadamu anayetaka kusaidia.

Akina mama wanajua kwamba sufuria ukiipikia mboga kwa magadi inakuwa nyeusi. Magadi, majivu yenye maji, sabuni kali za kufulia, hivi vyote vinaivua alumini ngozi yake. Simiti mbichi ni ya ukoo huo huo. Katika hii boti yetu, mtu wa zamani aliziba nyufa za chini kwa simiti. Tulipoibandua, bati chini yake lilikuwa limeliwa mashimo mashimo kama uso wa mwenye ndui, ilhali bati la kando ambalo halikuguswa lilikuwa zima kabisa. Mwenye simiti ndiye aliyeharibu boti, mvua haikuharibu kitu.

Adui wa pili ni madini mengine. Ukiunganisha alumini na shaba, au na shaba nyeupe ya mabomba, halafu maji yakapita katikati, inatokea kama betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Kwa hiyo msifunge kitu kwa shaba. Msipake chini rangi ile ya meli yenye shaba ya kuzuia majani. Hata sarafu ikianguka ndani na kukaa kwenye maji machafu chini ya sakafu, baada ya muda utakuta alama yake. Bolti za chuma cha kawaida nazo hushika kutu na kuharibu tundu. Bolti za stenlesi zinavumilika, hasa kwenye maji yasiyo ya chumvi, mradi utie washa za plastiki na gundi ya kuzuia maji katikati.

Ya tatu watu wengi hawaifikirii: mbao zilizotiwa dawa. Zile nguzo za kijani tunazojengea ua, dawa yake ina shaba. Ukizifanya sakafu au kiti cha boti ya alumini, zikilowa shaba inatoka na kula bati. Vijana walikuwa tayari wameshakata mbao za kijani, nzuri, nene, wamezipata bure. Ilikuwa vigumu kuwaambia warudishe.

Na kwa ndugu zetu wa Migori wanaochimba dhahabu: zebaki. Tafadhali chombo chochote cha zebaki kisiingie kwenye boti ya alumini. Tone moja likiigusa alumini iliyokwaruzwa, linaizuia kujifunika tena, na linaendelea kuila siku baada ya siku. Ndiyo sababu hata ndege zinakataa zebaki kwa mizigo ya abiria. Zebaki pia ni sumu kwa anayeishika, lakini hayo mmekwisha kuambiwa mara nyingi.

KWANZA ITIE MAJI, USIITIE MAJINI

Watu wakipata boti wanakimbilia kuitumbukiza ziwani waone kama inavuja. Ni kazi ya hatari na haikuonyeshi kitu, kwa sababu ukiwa ndani unaona maji yanajaa lakini hujui yanapitia wapi. Fanya kinyume. Ing'oe sakafu na uchafu wote (sisi tulitoa toroli mbili za majani, kiota cha nyuki waliohama, na nyoka mmoja ambaye hakuwa amehama). Iweke juu ya magogo manne yaliyo sawa, ili tumbo lishikiliwe vizuri. Kisha mimina maji ndani, kina cha kiganja tu. Usijaze, maana maji ni mazito, mita moja ya ujazo ni tani nzima, na boti haikuundwa kubeba mzigo huo ikiwa nchi kavu.

Sasa lala chini na chaki. Kila panapotoka tone, piga alama. Rudi baada ya saa moja, kuna matundu yanayochelewa. Sisi tulihesabu alama 43. Vijana walivunjika moyo. Japuonj akasema, "43 ni kazi ya Jumamosi nne," na kweli haikuzidi sana.

Sehemu kubwa ya hizo alama zilikuwa kwenye ribiti, vile vipini vya alumini vinavyoshika bati na bati. Miaka mingi ya kupigwa na mawimbi inavilegeza. Kipini kilicholegea tu hakina haja ya kutolewa. Watu wawili wanafanya kazi: mmoja nje anakandamiza kipande cha chuma kizito na laini juu ya kichwa cha ribiti, mwingine ndani anagonga mkia wake kwa nyundo, mapigo machache, mpaka ukae. Ukigonga sana unapasua bati. Hiyo kazi inataka watu wanaosikilizana, nasi tuliona baba na mwanawe wakiigombania hadi baba akaombwa apumzike.

Kama ribiti imekwisha, itobolewe kwa drili na iwekwe nyingine ya alumini iliyo kubwa kidogo. Hapa jihadharini madukani. Kuna ribiti za kuvuta kwa mkono, zile za mafundi wa madirisha. Nyingi zina tundu katikati, na tundu hilo litavuja. Kwa boti ziko za aina hiyo zilizozibwa mwisho. Hizo zinafaa mahali ambapo huwezi kufika ndani. Kila ribiti mpya itiwe gundi ya baharini ya poliurethani kabla ya kugongwa. Silikoni ya bafuni iacheni bafuni. Haidumu kwa kazi hii, na ikishapakwa hakuna rangi inayoshika tena hapo.

Ufa una desturi yake. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa, huku na huku, ili usiendelee kukimbia. Kisha kata kiraka cha alumini ya boti, unene ule ule, pembe zake zikiwa za mviringo, tia gundi chini yake na ribiti pande zote.

KISA CHA FUNDI WA NJIA PANDA

Jumamosi moja sisi hatukuwako. Vijana wakaona kazi ya ribiti inachelewa, wakaibeba boti mpaka kwa fundi wa kuchomelea pale njia panda, mtu mzuri anayetengeneza milango na mageti. Akawasha mashine yake ya kawaida. Tuliporudi tulikuta tundu la kuingia ngumi mahali palipokuwa na ufa wa urefu wa kidole.

Fundi hakukosa ustadi, alikosa chombo. Alumini huyeyuka kwenye joto la digrii 660, lakini ile ngozi yake haiyeyuki mpaka ipite digrii 2000. Basi fundi anaongeza moto apenye ngozi, na wakati ngozi inapotoboka, bati la ndani limekuwa uji zamani. Tena alumini haibadiliki kuwa nyekundu kama chuma, hivyo hakuna onyo; iko, halafu haiko. Kuichomelea kunataka mashine ya gesi ya argoni na mtu aliyejifunza kazi hiyo. Katika miji mikubwa wapo. Kama hayuko karibu nanyi, kiraka cha ribiti kinatosha, na ndicho kilichoziba lile tundu mwishowe, kiraka kikubwa cha aibu ambacho bado kinaonekana.

TEZI, AU UPANDE WA NYUMA

Watu wa pwani huita nyuma ya chombo tezi. Kwenye boti ya injini hapo ndipo mzigo wote uko, kwa sababu injini inaning'inia hapo na inasukuma kutoka hapo. Ndani ya bati la tezi kuna ubao mnene, na huo ubao, kwa boti kuukuu, karibu kila mara umeoza, ingawa kwa nje bati linang'aa. Shika juu ya tezi uitikise. Choma ubao kwa bisibisi. Ikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, ubao umekufa. Boti ikienda hivyo, siku moja injini itang'oka na kuzama, na huenda ikaondoka na kipande cha tezi, na maji yaingie yote mara moja. Hapa tunawasihi msibahatishe.

Toeni ubao wa zamani taratibu hata kama unavunjika, kwa sababu vipande vyake ndiyo kielelezo cha ubao mpya. Wa kwetu ulikuwa na unene wa inchi moja na nusu. Tulitumia plaiwudi ya majini, vipande viwili vya robo tatu inchi vilivyobanwa pamoja kwa gundi ya epoksi. Maji huingilia kwenye kingo na kwenye matundu ya bolti, kwa hivyo kingo zote zipakwe epoksi mara tatu. Tundu la bolti litobolewe kubwa kuliko linavyohitajika, lijazwe epoksi, ikauke, ndipo litobolewe tena kwa kipimo chake. Hapo bolti inapita ndani ya epoksi na haigusi mbao. Ni kazi ya kuchosha. Vijana waliuliza kama haiwezekani kupaka mara moja tu, na jibu ni kwamba inawezekana kama mnataka kuirudia baada ya miaka mitatu.

Kabla hamjakata, pimeni urefu wa tezi na mjue injini yenu. Injini nyingi ndogo huja kwa mguu mfupi, wa tezi ya inchi 15, au mguu mrefu, wa inchi 20. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu, propela inapiga hewa. Mguu mrefu kwenye tezi fupi, unakokota maji na kugonga mawe.

ITAKAPOJAA MAJI, ITAELEA?

Hili ndilo tungependa lisomwe kwa sauti kwenye mkutano. Mbao huelea yenyewe. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji, mara nyingi watu bado wana kitu cha kushikilia. Alumini haielei. Boti ya alumini ikijaa maji bila kitu cha kuiinua inakwenda chini pamoja na injini.

Watengenezaji wanajua hivyo, ndiyo maana chini ya viti kuna povu gumu. Lakini povu la zamani limenyonya maji. Letu lilikuwa zito hata likachukuliwa na watu wawili, na lilikuwa limekaa likilowesha bati miaka yote. Litoeni. Kama mtanunua jipya, liwe lisilonyonya maji, na mkumbuke kuwa lile povu jeupe la kufungia televisheni huyeyuka likimwagikiwa petroli.

Kikundi chetu kilitumia mitungi ya plastiki ya lita 20, mitupu, iliyofungwa kabisa na kukazwa kwa mikanda chini ya viti. Hesabu yake ni rahisi. Mtungi mmoja wa lita 20 ukizamishwa unainua karibu kilo 20, ukitoa uzito wake mwenyewe. Bati la kilo 100 likiwa ndani ya maji linapima kama kilo 63 tu, kwa sababu maji yanabeba sehemu yake. Injini tuseme kilo 40, tuihesabu yote. Jumla ni kilo 103. Mitungi sita ingetosha kwa shida, lakini kuna watu watakaoshikilia, kuna tangi, kuna nanga. Tukaweka kumi. Isiwekwe yote mbele, maana nyuma ndiko kuna injini. Na iwe kandokando, ili boti iliyojaa isipinduke.

Halafu jaribuni. Siku tulivu, maji ya kiunoni, jazeni boti kwa makusudi, wekeni mawe ya uzito wa injini nyuma, muone. Watu wa ufuo wote walikuja kutazama kikundi kikizamisha boti yake. Walicheka sana. Ilikaa maji yakiwa usawa wa viti, haikushuka zaidi.

RANGI NA INJINI

Rangi si lazima, alumini inaweza kukaa bila. Ila rangi ya zamani msiikwangue ikiwa kavu, kwa kuwa huenda ina risasi au kromiti, na vumbi lake ni sumu. Lowesheni, tumieni msasa wa maji, fungeni pua na mdomo, watoto wakae mbali. Brashi ya waya wa chuma isitumike, inaacha chembe za chuma zinazoshika kutu kwenye bati. Ikishasafishwa, ipakwe siku hiyo hiyo rangi ya kwanza ile ya kung'ata alumini. Rangi ya kawaida ikipakwa moja kwa moja inabanduka kama ganda la kitunguu.

Injini tutaigusia tu, ina makala yake. Injini mara nyingi ni ghali kuliko boti yenyewe. Msinunue ambayo hamjaiona ikizunguka ndani ya pipa la maji, ikitema maji vizuri. Kama haitemi, ile feni ya mpira ya pampu imekwisha. Fungueni oili ya gia chini: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa injini za kuchanganya, fuateni kitabu chake. Kama kinasema 50 kwa 1, hiyo ni mililita 200 za oili kwa lita 10 za petroli, ipimwe kwa chupa, isipimwe kwa jicho.

WATU WANGAPI?

Hapa kikundi kilikaribia kuvunjika. Boti ina urefu wa futi 14 na upana wa futi 5. Vijana walisema itabeba watu kumi kwenda soko la ng'ambo, nauli kadhaa, hesabu ikapigwa mara moja. Walinzi wa pwani wa Marekani wana kipimo cha haraka kwa boti ndogo za chini ya futi 20: zidisha urefu kwa upana, gawa kwa 15. Yaani 14 mara 5 ni 70, gawa kwa 15 unapata 4 na kitu. Watu wanne. Na hao wanne ni wa kilo 68 kila mmoja, na ziwa likiwa tulivu. Ukiweka mzigo, toa watu.

Kijana mmoja akasema, "Hiyo ni hesabu ya Wazungu, sisi tumezoea kubebana." Mama mweka hazina, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa ametia neno juu ya hii boti tangu lile swali lake la kwanza, akasimama. Akasema yeye alizikwa na maji mara moja katika boti ya watu kumi na wawili, akatoka, ndugu yake hakutoka. Kisha akakaa. Hakuna aliyejibu. Jumamosi iliyofuata Japuonj alipaka kwa rangi nyekundu ndani ya boti, mahali abiria anapotazama: WATU 4. Na jaketi nne za kuelea zikanunuliwa kabla ya propela.

Hiyo ndiyo ilibadilisha hesabu yote ya pesa pia. Boti ya watu wanne haiwezi kuwa biashara ya nauli. Tuliwashauri, na wakakubali, kwamba fedha za mikopo ya karo na mbegu zisiguswe hata shilingi. Wale wanaopenda kazi hiyo walichanga yao, kidogo kidogo, na daftari lake likawa mbali. Mwezi usio na pesa kazi ilisimama, boti ikafunikwa, wala hakuna aliyeumia. Tunavyoona sisi, hiyo ndiyo namna pekee ya kufanya kazi hii vizuri. Simiti, mbao za kijani, yule fundi wa njia panda na wale watu kumi vyote vilikuja kwa sababu mtu alitaka boti irudishe pesa haraka.

KARATASI

Kabla ya kugonga ribiti ya kwanza, pateni barua kutoka kwa mwenye boti. Sisi tuliipata kwa aliyekuwa akisimamia zahanati, ikisema imetolewa kwa kikundi. Hata kama mtaamua kuuza, mnunuzi halali wa vyuma chakavu anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na akinunua bila kuuliza ni ya nani, mjue ni mtu wa namna gani. Kisha nendeni mapema kwa Kenya Maritime Authority, wale wa KMA, ambao wana ofisi Kisumu. Wao ndio wa kukagua na kusajili vyombo vidogo. Waulizeni wanataka nini kabla ya kutengeneza, si baada. Kama mnakusudia kuvua, anzeni kwa BMU ya ufuo wenu.

Boti iliingia majini mwezi wa kumi na moja wa kazi, asubuhi, watu wamejaa. Iliposukumwa ikaanza kujaa maji nyuma, kasi kweli kweli, na makelele yakawa mengi. Ilikuwa kizibo cha tundu la kutolea maji. Kilikuwa mfukoni mwa shati la Japuonj, alikiweka hapo kisipotee. Kikakazwa, maji yakachotwa, ikasukumwa tena ikakaa kavu. Tangu siku hiyo kizibo kimefungwa kwa kamba kando ya tundu lake. Boti inatumika kuvulia ndoano Jumamosi, na imekwisha kuvuka mara mbili usiku na mgonjwa. Jina bado halijapatikana. Vijana wanataka Titaniki, na akina mama wamekataa kabisa.